RAM ya gemu: GB 8 hazitoshi, lakini 32 za nini?

Swali: Kaka, habari za kazi. Nimenunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex 7050 ile ya mnara, prosesa i5-7500, RAM GB 8 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Nimeiongezea kadi ya grafiki, GTX 1650 ya GB 4. Nacheza EA FC 24, GTA V na Euro Truck Simulator 2 yenye modi (nyongeza) za mabasi na ramani za huku kwetu. Mpira unachezeka vizuri, ila GTA nikikimbiza gari mjini inaganda kama nusu sekunde, inaendelea, inaganda tena. Fundi ananiambia nitoe RAM iliyopo niweke GB 32 nisahau shida. Rafiki yangu chuoni anabisha, anasema GTA V yenyewe inapendekeza GB 8, kwa hiyo tatizo si RAM. Hela yangu kwa sasa si ya kuchezea. Nimsikilize nani? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Salama, mdogo wangu. Hongera kwa mashine, umechagua vizuri kwa bei zake.

Nisikuzungushe. Ongeza RAM moja ya GB 8, DDR4, uwe nazo mbili za GB 8, jumla 16. Iliyopo usiitoe. Hela utakayookoa kwa kutonunua hizo 32 itie kwenye SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Lakini kabla ya kutoa hata shilingi, pima kwanza nitakavyokuelekeza hapa chini, kwa sababu mimi naisoma barua tu, mashine unayo wewe.

Fundi wako na rafiki yako wote wawili wanaichukulia RAM kama kitu cha kuongeza mwendo: mmoja anaona mwendo unaongezeka ukijaza zaidi, mwingine anaona mwendo unatosha. RAM haiko hivyo; ni nafasi ya muda ambamo gemu na programu ulizofungua hukaa zikiwa kazini. Sufuria ikitosha wali wa watu sita, ukiibadilisha kwa sufuria ya watu kumi na wawili wali hauivi haraka. Ila wali ukizidi sufuria, jiko zima linachafuka. Kwa hiyo swali lako la kweli ni moja: gemu zako, pamoja na Windows na vyote ulivyofungua nyuma yake, vinazidi GB 8 au havizidi? Kama havizidi, hata ukiweka 64 hutaona tofauti. Kama vinazidi, hata kwa GB moja tu, utaona.

Na unachokieleza wewe ndicho hasa kinachoonekana vikizidi. RAM ya DDR4 yenye kasi ya 2400, ikiwa moja, ina uwezo wa kupitisha hadi GB 19.2 kwa sekunde. Ikijaa, Windows inachukua vitu ambavyo havijaguswa karibuni na kuvihamishia kwenye faili lake lililoko kwenye diski, ili gemu ipate nafasi. Vikihitajika tena, vinarudishwa. Sasa diski ya kuzunguka, ikisoma faili kubwa lililonyooka, inatoa MB 100 hadi 150 hivi kwa sekunde, na vipande vidogo vilivyotawanyika vinaiangusha chini zaidi ya hapo, kwa sababu kila kipande sindano yake inabidi isogee na sahani izunguke ifike mahali pake. Safari moja kama hiyo inakula milisekunde kumi na zaidi. Gemu inayokwenda FPS 60, yaani fremu (picha) 60 kwa sekunde, ina milisekunde 16 na ushee tu za kuandaa kila fremu. Safari mbili za sindano, fremu imeshachelewa. Safari arobaini, ndiyo hiyo nusu sekunde yako.

Inatokea mjini, tena ukiwa kwenye gari, kwa sababu GTA haipakii jiji zima kwa mpigo. Inapakia mitaa iliyo mbele yako na kuachia iliyo nyuma. Ukitembea kwa miguu ina muda wa kutosha. Ukikanyaga mafuta, inaomba vitu vipya kila wakati, wakati RAM imejaa na diski tayari ina foleni. Mpira hauna shida hiyo: uwanja ni uleule dakika tisini, umeshapakiwa tangu timu hazijaingia. Angalia pia taa ndogo ya diski mbele ya OptiPlex yako. Ikiwaka mfululizo bila kupepesa kila gemu inapoganda, umeshapata nusu ya jibu bila kufungua kitu.

Nusu nyingine iko kwenye Task Manager. Fungua gemu, cheza kama robo saa mahali panapokusumbua, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ingia Performance, kisha Memory. Usiishie kwenye asilimia kubwa iliyoandikwa pale, maana watu wengi inawatisha bure. Angalia Available, yaani kiasi ambacho gemu ikikihitaji sasa hivi inakipata. Ikiwa bado kuna GB mbili na zaidi, RAM haina kosa. Ikiwa imebaki MB mia chache, RAM ndiyo inayokugandisha. Kisha tazama Committed, inayoandikwa kwa namba mbili, mfano 11.2/13.9. Ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zote zimeahidiwa. Ikipita GB zako 8 kwa mbali, ujue Windows inaishi kwa kukopa kwenye diski. Rudi pia kwenye Disk: ikisoma asilimia 100 huku gemu ikiganda, kesi imekwisha.

Hapohapo kwenye Memory kuna mstari wa Slots used. Nakisia kwako umeandikwa 1 of 4, yaani tundu moja la RAM kati ya manne ndilo linalotumika. Ukumbuke, nitaurudia.

Neno moja kuhusu Cached. Windows huitumia RAM iliyokaa bure kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara tu programu ikihitaji nafasi. Hiyo si RAM iliyopotea. Zile programu zinazojitangaza kusafisha RAM kwa kubonyeza kitufe kimoja zinafukuza hayo mafaili yakasomwe upya kwenye diski, kwa mashine kama yako ni kujiongezea foleni. Na kama kuna mtu alikuzimia lile faili la kukopea kwenye diski eti kompyuta iwe nyepesi, liwashe tena. Bila hilo, gemu ikiomba kumbukumbu ikanyimwa haigandi, inajifunga yenyewe na kukutupa kwenye desktopu.

Turudi kwa rafiki yako. Hajakosea namba. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, ilitaka GB 4 kwa uchache na kupendekeza 8. Kinachomponyoka ni kwamba hiyo ni namba ya 2015, ikihesabiwa kwa kompyuta isiyofanya kingine. Windows ya leo peke yake, ikiwa haijafungua chochote, inashika GB mbili na nusu hadi tatu na nusu. Weka Chrome yenye tabo nane ambazo hukuzifunga, Discord, na WhatsApp ya kompyuta, utakuta gemu imeachiwa GB tatu au nne za kugombania. Waliotengeneza GTA V wenyewe, walipotoa toleo lililoboreshwa mwaka 2025, waliandika GB 8 kuwa kiwango cha chini na 16 kuwa kinachopendekezwa. EA FC 24 unayocheza inataka 8 na kupendekeza 12. Red Dead Redemption 2 nayo vilevile, 8 na 12. Cyberpunk 2077 ilianzia 8, lakini mwaka 2023 wakapandisha kiwango cha chini hadi 12. Hogwarts Legacy ya mwaka huohuo inaanzia 16 moja kwa moja.

Namba hizi hazipandi kiholela. Gemu kubwa nyingi hutengenezwa kwanza kwa kufikiria mashine za PlayStation na Xbox, kisha kompyuta inafuata. PS3 ilikuwa na MB 256 za kazi na 256 za picha. PS4, mwaka 2013, ikaja na GB 8 zinazotumika kwa vyote viwili. PS5 ikaja mwaka 2020 na GB 16. Kila mara kizazi kipya kinapotoka, kwa miaka michache gemu huendelea kutolewa kwa mashine za zamani na mpya pamoja, kwa hiyo mahitaji hayaruki. Siku ya zamani ikitupwa, watengenezaji wanajitanua. Ndicho kilichotokea kuanzia 2023 hivi. GB 8 zilikuwa saizi ya enzi ya PS4, na enzi hiyo imepita. Rafiki yako anakushauri kwa kalenda ya zamani.

Sasa fundi. Nisingemwita tapeli. Kuna gemu zinazopendekeza GB 32 na nitakutajia: Indiana Jones and the Great Circle, Doom: The Dark Ages, Microsoft Flight Simulator 2024. Hakutunga. Lakini zitazame hizo mbili za kwanza kwa makini. Zote zinadai kadi ya grafiki yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, kuanzia RTX 2060 Super hivi. GTX 1650 haina vifaa hivyo. Ukiweka GB 32, ukiweka 64, gemu hizo kwako hazitachezeka. Na hapo ndipo namba ya RAM inapopaswa kusomwa na watu wengi hawaisomi: haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na kadi na prosesa. Mashine iliyo na kadi ya GB 4 na prosesa ya nyuzi nne, kama i5-7500 yako, itagota kwenye kadi au kwenye prosesa muda mrefu kabla haijamaliza GB 16. Gemu inayoweza kujaza GB 16 kwa haki, kwako itakuwa inakwenda FPS 20 kwa sababu nyingine kabisa, na hakuna RAM itakayoiponya.

Kuna jambo jingine ambalo fundi asingekuambia kwa sababu hukumwuliza. RAM utakayonunua leo ni DDR4. Siku utakapojikusanya ukajenga mashine mpya ya AMD kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM5, haiingii; AM5 ni DDR5 tu. Kwa hiyo GB 32 za DDR4 si akiba ya kesho, zitazeekea hapohapo kwenye hiyo Dell. Na Dell yenyewe, prosesa ya kizazi cha saba, haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, wakati Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nzuri, itakufaa, lakini si ya kuijengea ghorofa.

Usichanganye pia RAM na kumbukumbu ya kadi. Zile GB 4 za GTX 1650 ni kitu tofauti, zimechomelewa kwenye kadi, haziongezwi. Kadi hiyo, ile ya kumbukumbu za GDDR5, inazisoma kwa GB 128 kwa sekunde. Ukipandisha tekscha za gemu (picha zinazovishwa kuta, nguo na vitu vingine) zikazidi GB 4, zinazobaki zinaenda kukaa kwenye RAM ya kawaida na kupita kwenye PCIe, njia inayounganisha kadi na mashine, ambayo haifiki hata GB 16 kwa sekunde. Dalili zake hazifanani na zako. Hapo FPS inashuka na kubaki chini, au kuta na nguo zinatokea zikiwa na ukungu kisha zinakuwa wazi taratibu. Dawa yake ni kushusha tekscha kwa hatua moja, bure kabisa. Menyu ya picha ya GTA V ina mstari juu unaokuonyesha kumbukumbu ya kadi imetumika kiasi gani. Ubakize kidogo usigote mwisho.

Nilisema nitarudi kwenye 1 of 4. Prosesa yako ina njia mbili za kwenda kwenye RAM. Ukiwa na RAM moja, njia moja inakaa bure. Ukiweka mbili, kila moja upande wake, GB 19.2 kwa sekunde zinakuwa 38.4. Usitegemee FPS mara mbili, si hivyo. Lakini kwenye gemu zinazoichosha prosesa, kama GTA mjini na Euro Truck yenye magari mengi barabarani, mara nyingi utaona zile FPS za chini kabisa, zinazouma kuliko wastani, zimepanda. Hii ndiyo sababu naikataa RAM moja ya GB 16 hata kama jumla ni ileile. Na ndiyo sababu sikuambii utoe iliyopo.

Je, mbili za kampuni tofauti zinakaa pamoja? Kwa DDR4 za kasi hizi za ofisini, mara nyingi sana zinakaa bila ugomvi. Zote zitakwenda kwa kasi ya ile ya polepole, basi. Ukinunua ya 2666 au 3200 itashuka yenyewe hadi 2400, ndio mwisho wa i5-7500, kwa hiyo usilipie zaidi kwa ajili ya kasi. Ukikosa ya GB 8 ukapata ya GB 4, nayo inafanya kazi: GB 8 zitakwenda kwa njia mbili na zile 4 zilizozidi kwa njia moja. Jumla GB 12 ni bora kuliko 8 kwa mbali, ingawa nisingeitafuta kwa makusudi.

Dukani sasa, na hapa nenda taratibu. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda duniani kote. RAM karibu zote zinatoka kwa watengenezaji watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, nao wameelekeza viwanda kwenye kumbukumbu za seva za akili bandia, zenye faida zaidi. Micron ilifika hatua ya kutangaza, Desemba 2025, kwamba inaifunga Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. DDR4 nayo haikupona, maana ilikuwa tayari inapunguzwa. Kwa hiyo RAM iliyotolewa kwenye kompyuta nyingine ya ofisi ndiyo utakayoimudu, na haina ubaya wowote. RAM haichakai kama diski. Ama nzima, ama mbovu.

Tatizo la zilizotumika ni kuuziwa aina isiyoingia. Soma stika. Unayoitaka itaandikwa kitu kama hiki: 8GB 1Rx8 PC4-2400T-UA2-11. PC4 maana yake DDR4. Ukiona PC3 au PC3L hiyo ni DDR3, mkato wake chini uko mahali tofauti, usilazimishe. Kisha tafuta herufi ya kwanza baada ya kistari kinachofuata kasi. U ndiyo yako, ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu, fupi, utaitambua kwa macho. R ni ya seva, na hii ndiyo mtego, kwa sababu urefu wake ni uleule, inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, mara nyingine ina bei ya kuvutia, na mashine haiwaki. Njia ya pili ya kuithibitisha: hesabu chipu nyeusi upande mmoja. Za kawaida za GB 8 utakuta 8, au 4. Ukikuta 9, ile ya ziada ni ya kusahihisha makosa, hiyo ni mali ya seva au kompyuta za kazi nzito, mrudishie. Kama unaagiza Kariakoo ikuletewe na basi, usitume hela kabla muuzaji hajakupigia picha ya stika, karibu, isomeke. Akisema “ni ileile tu bosi”, hajaisoma.

Mkubaliane pia kuwa isiposhika utairudisha. Muuzaji wa kweli wa RAM hakatai hilo, kwa sababu kujaribu RAM ni dakika tano.

Kuipachika huhitaji fundi. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha pawa mara moja umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Ndani, pembeni ya kila sloti kwenye mazabodi (bodi kuu) kumeandikwa DIMM1, DIMM2, DIMM3, DIMM4. Ziweke mbili kwenye DIMM1 na DIMM2, usiangalie nani yuko jirani na nani. Linganisha mkato, kisha kandamiza pande zote mbili mpaka vibanio vijifunge vyenyewe na usikie mlio. Watu wanaogopa kukandamiza. Nguvu inayotakiwa ni kubwa kuliko unavyodhani. Ukiwasha, Dell inaweza kukuambia kiasi cha kumbukumbu kimebadilika. Kubali, endelea. Ikikataa kuwaka na kitufe cha pawa kinapepesa rangi ya machungwa, zima, itoe RAM, sugua vile vidole vyake vya dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa vumbi, rudisha. Baadhi ya RAM zinazoitwa mbovu ni uchafu tu.

Halafu pakua CPU-Z, programu ya kukagua mashine, ni bure, ufungue ukurasa wa Memory. Size iwe 16 na Channel iseme Dual au 2 x 64-bit. Ikionyesha moja, umekosea sloti. Usiku, ukienda kulala, iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ikizungusha kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja tu ni sababu ya kurudisha RAM, usikubali kuambiwa ni kawaida.

SSD nimeitaja juujuu lakini kwa mashine yako ina uzito. GB 16 zitaondoa sehemu kubwa ya kuganda kunakotokana na kukopa kwenye diski. Hazitaondoa ile ya kusoma mitaa mipya ya jiji, kwa sababu hiyo lazima itoke kwenye diski hata RAM ikiwa nyingi. SSD ya SATA inasoma MB 500 hivi kwa sekunde na haina sindano ya kusogea. Uliza bei ya RAM mbili za GB 16, halafu uliza bei ya RAM moja ya GB 8 pamoja na SSD ya GB 480, utaona kwa nini nimekataa ushauri wa fundi kwa upole lakini nimeukataa. OptiPlex 7050 ina pia tundu la M.2, ukipata SSD ya NVMe inayoingia humo kwa bei ya karibu na SATA ichukue. Windows na GTA zihamie huko, mabasi nayo. Ile diski ya zamani ibaki na sinema.

Kwa kuwa barua kama yako huzisoma na wengine wenye mashine tofauti, niongeze machache.

Anayejenga mashine mpya ya DDR5 mwenye kadi ya GB 12 na kuendelea, huyo nitamwambia GB 32, mbili za 16, bila kusita. Asinunue nne. AM5 ikijazwa sloti zote nne, kasi rasmi inaanguka hadi 3600, wakati mbili zenye 6000 zinakwenda raha. Na akumbuke kuwasha EXPO au XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, kwenye BIOS (menyu ya mashine kabla ya Windows), la sivyo atakuwa amelipia 6000 na kutumia 4800. Mashine za ofisi kama Dell yako hazina kitufe hicho, usikitafute.

Asiye na kadi kabisa, anayetegemea picha za prosesa kama Ryzen 5 5600G, huyu ndiye RAM inamgusa kuliko wote. Picha zake zinakaa humohumo kwenye RAM, kwa hiyo GB 8 kwake ni kama 6, na kwa picha zake njia mbili badala ya moja ni tofauti ya kuonekana kwa macho. Mbili za GB 8, kima cha chini.

Mwenye laptopu aangalie kwanza kama RAM imechomelewa kwenye mazabodi. Kama imechomelewa, atakachonunua siku ya kwanza ndicho atakachokufa nacho, basi asinunue ya GB 8 hata ikiwa na kadi nzuri namna gani. Na anayerusha gemu mubashara kwa OBS, anayehariri video, au mwenye Minecraft iliyojazwa modi mpaka inaomba GB 8 peke yake, huyo 32 ni haki yake.

Kwako wewe, hizo modi za mabasi ndizo zitakazokupeleka juu siku moja. Kila basi linakuja na tekscha zake, mara nyingi zimetengenezwa kubwa kuliko lazima, na ramani za kuongeza ni nzito kuliko mabasi. Zizime zile usizoendesha, hazisaidii chochote zikiwa zimewashwa. Ukifika siku Available inasoma chini ya GB moja huku Chrome imefungwa na modi zimechujwa, bado una sloti mbili tupu kwenye hiyo Dell. Tia nyingine mbili za GB 8 humo na utakuwa umefika 32 bila kutupa hata moja.